AC za fremu Buzebazeba: Mwenye jengo ananunua, mpangaji analipa LUKU

Kwa ufupi:

- Umeme wa gridi umebadilisha hesabu ya viyoyozi Kigoma, lakini wengi bado wanaangalia bei ya dukani tu.
- Tofauti ya AC ya kawaida na ya inveta inaweza kufika Sh26,000 kwa mwezi kwa chumba kimoja.
- Kabla ya kununua mashine, tazama bati, dari na madirisha ya upande wa magharibi.

Kigoma. Kwa miaka mingi mwenye jengo la biashara Kigoma hakusumbuka sana na swali la AC. Umeme wenyewe ulitoka kwenye majenereta ya dizeli ya TANESCO, na mafuta yake yalisafirishwa mpaka huku mwisho wa reli, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Feni ya dari, dirisha wazi, maisha yanaendelea.

Hesabu hiyo imebadilika. Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua uunganishwaji wa Kigoma na Gridi ya Taifa. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuingiza umeme kwenye gridi hiyo mwaka 2024, na mkoani humu kuna mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi uliopangwa kutoa megawati 49.5.

Kwa hiyo swali lililokuwa la Dar na Mwanza sasa limefika Buzebazeba, Mwanga na Ujiji: jengo langu la biashara niliwekee AC gani?

Likiulizwa hivyo, jibu la haraka ni "ya bei nafuu". Ndipo tatizo linapoanzia, kwa sababu anayenunua AC na anayelipa umeme wake mara nyingi si mtu mmoja.

Nani anaumia?

Chukua jengo la fremu kumi. Mwenye jengo anafunga AC moja kila fremu ili ziwe na mvuto na kodi ipande kidogo. Anaenda dukani, anaona mashine mbili zenye nguvu ileile, moja ni rahisi kuliko nyingine. Anachukua ile rahisi. Kwa upande wake hajakosea, maana bili ya kila mwezi haimhusu.

Mpangaji anaingia na saluni, famasi au ofisi ya uwakala. AC ameikuta ukutani. Hakuichagua na hawezi kuibadilisha, ila LUKU ni yake. Mwezi wa pili anaanza kuizima mchana, muda ambao joto ndiyo limekolea. Yaani jengo lina AC, na watu ndani wanatoka jasho.

Tufanye hesabu. Tuseme fremu ina mita nne kwa tano, na AC yake ni ya BTU 12,000. Mashine ya kawaida, isiyo ya inveta, ya ukubwa huo hula takriban kilowati 1.2 kompresa ikiwa inazunguka. Iwashwe saa kumi kwa siku, siku 26 kwa mwezi, na kompresa ifanye kazi asilimia 70 ya muda huo. Hizo ni karibu uniti 218.

Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi la T1, ambalo ndilo la biashara nyingi ndogo, hulipa Sh292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA na asilimia 1 ya EWURA, inafika takriban Sh356. Zidisha kwa uniti 218, unapata karibu Sh77,700 kwa mwezi. Hiyo ni AC peke yake, bado taa, friji na mashine za kukaushia nywele.

AC ya inveta haiwaki na kuzima kama ya kawaida. Chumba kikishapoa, kompresa inapunguza mwendo na kuendelea taratibu. Tukichukua kwamba inaokoa theluthi moja ya umeme, bili inashuka hadi karibu Sh52,000. Tofauti ni kama Sh26,000 kila mwezi.

Kwa fremu moja unaweza kusema ni hela ya vocha. Kwa fremu kumi ni karibu Sh3.1 milioni kwa mwaka. Zinatoka kwenye mifuko ya wapangaji, na mwenye jengo naye hazimfikii. Zinapotea tu.

Gawaneni faida

Kuna njia rahisi ya kumaliza mvutano huu, nayo ni makubaliano kabla mashine haijanunuliwa.

Tuseme inveta imezidi bei ya ile ya kawaida kwa Sh300,000. Mwenye jengo aifunge, halafu aongeze kodi Sh13,000 kwa mwezi, yaani nusu ya kile mpangaji anachookoa. Mpangaji bado anabaki na Sh13,000 yake. Mwenye jengo anarudisha Sh300,000 baada ya miezi 23 na kidogo, na baada ya hapo ni faida yake.

Kama tofauti ya bei ni Sh500,000, inachukua zaidi ya miaka mitatu. Hapo mwenye jengo atasita, na ana haki ya kusita. Hata hivyo mashine ikitunzwa vizuri inaweza kudumu zaidi ya hapo, kwa hiyo bado kuna la kuzungumza.

Jambo moja la lazima: kila fremu iwe na mita yake. LUKU ya pamoja inaua hesabu yote hii. Ukiokoa wewe, anafaidi jirani. Akiacha AC wazi usiku kucha jirani, unalipa wewe.

Joto la Kigoma si la Dar

Ushauri mwingi wa AC unaosambaa mitandaoni umeandikwa kwa ajili ya pwani. Kigoma ni mji wa ziwa, na Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mchana joto huwa karibu nyuzi 28 hadi 31, na miezi ya Septemba na Oktoba kabla ya mvua ndiyo inayobana zaidi. Usiku hushuka hadi karibu nyuzi 18 au 20.

Maana yake ni tatu.

Kwanza, maji ya ziwa letu ni baridi. Hayana chumvi ile inayokula injini za nje za AC kule pwani. Usikubali kuuziwa kitu cha bei ya juu kwa maelezo ya "kinazuia chumvi ya bahari". Adui wa hapa ni vumbi la kiangazi.

Pili, usiku unaweza kusaidiwa na hewa ya nje bure kabisa. Jengo lenye madirisha ya juu yanayofunguka salama, na nondo zake, hutoa joto lililojikusanya mchana. Asubuhi AC inaanza kazi ikiwa na mzigo mdogo.

Tatu, na hili husahaulika sana, ziwa liko magharibi. Jua la alasiri linashuka upande wa Kongo, na linapiga moja kwa moja kuta na vioo vinavyotazama ziwa. Ukuta mzima wa vioo vya alumini upande huo unapendeza kwenye picha, lakini kuanzia saa tisa mchana unageuka jiko. AC inapigana na jua badala ya kupoza watu.

Waliojenga zamani walilijua hili. Stesheni ya reli Kigoma, ya enzi za Wajerumani, ina matao na baraza zenye kivuli. Hakukuwa na AC ya kukimbilia, kwa hiyo kivuli ndiyo kilikuwa mashine.

Bati kwanza, AC baadaye

Fremu iliyo chini ya bati bila dari ni sawa na kuweka AC kwenye oveni. Kabla ya kwenda dukani, tazama mambo haya:

- Dari ipo? Na juu ya dari kuna kitu cha kuzuia joto, au ni bati tupu?
- Bati ni la rangi gani? Rangi nyeupe au nyepesi inarudisha sehemu kubwa ya jua. Nyeusi na bluu iliyokolea hunyonya.
- Madirisha ya magharibi yana kivuli, iwe mti, baraza au kibanda cha bati kilichochomoza?
- Mlango unajifunga wenyewe, au unabaki wazi siku nzima?
- Kuna feni ya dari?

Feni ni muhimu hata pale penye AC. Upepo wake unakufanya usikie baridi zaidi, hivyo unaweza kuweka AC nyuzi 26 badala ya 22. Shirika la serikali ya India linalosimamia matumizi bora ya nishati linakadiria kwamba kila nyuzi moja unayopandisha inaokoa takriban asilimia 6 ya umeme wa AC. Ndiyo maana tangu Januari 2020 AC mpya za vyumba nchini humo hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa nyuzi 24.

Sasa fikiria famasi. Dawa nyingi zimeandikwa kwenye boksi zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, nyingine chini ya 25. Mwenye duka anafunga Jumamosi jioni, anazima AC, anarudi Jumatatu. Jumapili nzima jua linapiga bati, na ndani hakuna mtu wala mashine inayofanya kazi. Vivyo hivyo umeme ukikatika mchana.

Dawa iliyokaa kwenye joto haibadiliki rangi ili ujue. Mgonjwa ananunua, anameza, haponi, anadhani ugonjwa ni sugu. Kwa famasi, dari nzuri na bati jepesi ni ulinzi wa dawa hata saa ambazo hakuna umeme. AC ya bei mbaya kiasi gani haiwezi kufanya hivyo ikiwa imezimwa.

Aina zipi zipo?

*Spiliti.* Hii ndiyo unayoiona kila mahali: kipande kimoja ndani, injini nje. Inafaa sana majengo ya fremu, kwa sababu kila mpangaji ana yake na mita yake. Ikiharibika moja, nyingine zinaendelea. Mafundi wake wanapatikana.

*Kaseti.* Inakaa kwenye dari na kupuliza pande nne. Inafaa ukumbi, supamaketi ndogo au benki. Inahitaji dari iliyoshuka yenye nafasi, na bomba la maji lenye mteremko mzuri. Bomba likikosewa, maji yanadondoka kwenye kichwa cha mteja.

*Ya mabomba ya hewa.* Mashine moja inasambaza baridi vyumba vingi kupitia njia zilizofichwa darini. Inapendeza, ila lazima ipangwe wakati jengo bado linachorwa. Kuichomeka kwenye jengo lililokwisha ni kubomoa upya.

*VRF.* Injini chache za nje zinahudumia vipande vingi vya ndani, na kila chumba kinachagua joto lake. Kampuni ya Daikin ya Japan ilileta aina hii sokoni mwaka 1982, ikaiita VRV. Kwa hoteli kubwa au ofisi ya taasisi moja ni chaguo zuri na linabana umeme. Kwa fremu za wapangaji tofauti kuna shida mbili: kugawana bili ni kazi, na injini moja ya nje ikigoma, vyumba vyote vilivyo chini yake vinakosa baridi.

Hapo ndipo umbali unapoingia. Ukinunua mfumo ambao fundi wake lazima atoke Mwanza au Dar, jiulize jengo litakaa siku ngapi bila baridi akisubiriwa yeye na kipuri chake. Mfumo bora kwenye karatasi unaweza kuwa mbovu kwako.

*Chila.* Hupoza maji yanayozungushwa jengo zima. Hii ni ya hospitali kubwa, viwanja vya ndege na maghorofa marefu. Ukiwa na ghorofa mbili Buzebazeba, mtu anayekupigia debe la chila anatafuta kazi yake, si yako.

Ukubwa: usipigwe

Kanuni ya haraka ambayo mafundi hutumia kwenye maeneo ya joto ni kama BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Fremu ya mita 20 za mraba inapata BTU 12,000. Ongeza kiasi kama iko chini ya bati, ina kioo cha magharibi, ina watu wengi au mashine zinazotoa joto kama za saluni.

Kanuni hii ni ya kuanzia tu. Kwa jengo zima mlipe mhandisi apige hesabu ya mzigo wa joto chumba kwa chumba. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kununua mashine kumi zisizo sahihi.

Wengi wanadhani kubwa ndiyo salama. Hapana. AC kubwa kupita kiasi inapoza chumba chapchap kisha inazima kabla haijatoa unyevu. Kipindi cha mvua, Novemba hadi Aprili, unabaki na chumba baridi lakini chenye unyevunyevu, harufu ya ukungu inaanza, na kompresa inayowaka na kuzima kila mara inachoka mapema.

Umeme unaoyumba

Gridi imefika, lakini umeme bado unaweza kukatika na kurudi kwa kishindo. Inveta ina kadi ya umeme ambayo haipendi mshtuko huo, na kuibadilisha ni gharama. Huo ni udhaifu wa kweli, na muuzaji asikufiche.

Dawa yake ni kifaa cha kulinda umeme kinachokata umeme ukipanda au kushuka sana, na kinachosubiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha tena. Hesabu bei yake pamoja na ya AC. Hakikisha pia jengo lina waya wa ardhi unaofanya kazi kweli.

Kwa upande wa jenereta, inveta ina nafuu. AC ya kawaida inapowaka huvuta umeme mara kadhaa ya ule wa kawaida kwa muda mfupi, hivyo inadai jenereta kubwa. Inveta inaanza taratibu.

Kwa hoteli au jengo lenye mita moja kubwa kuna jambo la ziada. Matumizi yakizidi uniti 7,500 kwa mwezi unaingia kundi la T2. Hapo uniti inashuka hadi Sh195, lakini unalipa pia Sh15,004 kwa kila kVA ya kilele chako cha mwezi. AC zote zikifanya kazi kwa nguvu saa nane mchana, ndizo zinazopandisha kilele hicho. Ukikipunguza kwa kVA 10, kwa kupokezana vyumba au kuweka kivuli, unaokoa Sh150,040 kila mwezi kabla ya kodi.

Gesi iliyoamuliwa kwa jirani

Angalia kibandiko cha mashine, pale palipoandikwa aina ya gesi. Ukiona R22, fikiria mara mbili, hata kama ni mtumba wa bei ya kutupa.

R22 inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 nchi zinazoendelea zimepangiwa kuacha gesi za kundi hilo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. AC unayofunga leo itakuwa bado ukutani mwaka huo. Gesi ikivuja, utaitafuta kwa tochi na kuilipia ghali.

R410A haigusi ozoni, lakini uwezo wake wa kuongeza joto la dunia ni mara 2,088 ya hewa ya ukaa. R32 ni mara 675. Makubaliano ya kupunguza gesi za aina hii yalipitishwa Oktoba 15, 2016, hapa jirani Kigali, Rwanda. Mwelekeo wa soko unajulikana.

Tahadhari: R32 inaweza kushika moto, ingawa si kirahisi. Fundi awe na vifaa vyake, na asitoe hewa kwenye mabomba kwa kupulizia gesi. Atumie pampu ya kuvuta hewa. Ukimuona hana pampu hiyo, mshukuru na umruhusu aende.

Haya si ya Kigoma peke yake. Shirika la Kimataifa la Nishati lilieleza mwaka 2018 kwamba AC na feni zinatumia karibu asilimia 10 ya umeme wote duniani. Kigoma ndiyo kwanza inaingia kwenye hesabu hiyo, na ina bahati ya kuingia ikiwa imeona makosa ya wengine.

Maswali sita kabla ya kutoa hela

1. Dari, bati na kivuli vimeshughulikiwa, au nataka AC ibebe makosa ya jengo?
2. BTU hizi zimetoka kwenye hesabu, au fundi ametazama chumba akasema tu?
3. Mashine inakula kilowati ngapi, na kwa bei ya uniti yangu ni shilingi ngapi kwa mwezi?
4. Gesi yake ni ipi?
5. Ikiharibika, nani anaitengeneza hapa Kigoma, na vipuri vinatoka wapi?
6. Nani atasafisha filta? Kiangazi chenye vumbi, kila wiki mbili. Iandikwe kwenye mkataba wa pango.

Na wewe mpangaji, usisubiri bili ikufundishe. Siku ya kwenda kuangalia fremu, inua macho uangalie dari, kisha soma kibandiko cha AC kabla hujauliza kodi ni shilingi ngapi. Kodi utaambiwa mara moja. Gharama ya kile kibandiko utaisikia kila unaponunua LUKU.